Kadirio, Kisio na Pengo: Istilahi za Kukadiria kwa Mstari wa Mguso

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa maandishi ya serikali hukutana nayo karibu kila siku ni yale yanayohusu kiasi kisichojulikana kwa ukamilifu. Taarifa husema kwamba "inakadiriwa kuwa" watu kadha wa kadha watahitaji maji. Bunge hupelekewa makadirio ya mapato na matumizi. Mwalimu wa shule ya msingi huwafundisha watoto kukadiria urefu wa ubao kabla ya kuupima. Maneno hayo yamezoeleka hata hatujiulizi tena yana maana gani hasa. Lakini mfasiri anapokabidhiwa kitabu cha hisabati ya juu, hususa tawi liitwalo kalkulasi, mazoea hayo humwangusha. Huko, kukadiria si kutaja namba inayoelekea kufaa. Ni kazi yenye hatua zake, na tena yenye kipimo cha ubora wake.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja tu ya kukadiria, yaani ile ya kutumia mstari mnyoofu mahali pa mstari uliopinda, na kupendekeza istilahi zitakazoieleza kwa Kiswahili pasipo utata. Hoja yetu kuu ni hii: kadirio katika hisabati ni namba inayofuatana na mpaka wa pengo lake. Mfasiri akiifasiri namba na kuuacha mpaka, ameligeuza kadirio kuwa kisio, na msomaji wake hana njia ya kulitambua jambo hilo. Makala hayakuandikwa kwa ajili ya wanahisabati. Msomaji yeyote anayeweza kukokotoa eneo la mraba na asilimia ya idadi fulani ataweza kuyafuata.

1. Kiwanja cha mraba

Tuanze na jambo ambalo kila mtu aweza kulichora ardhini kwa kijiti. Chukua kiwanja cha mraba ambacho kila upande wake ni mita 30. Eneo lake ni mita za mraba 900. Sasa kila upande uongezwe sentimita 20, yaani mita 0.2. Eneo jipya ni kiasi gani?

Mwenye kikokotoo atazidisha 30.2 kwa 30.2 na kupata 912.04. Lakini tutazame yaliyotokea kwenye kiwanja chenyewe. Yameongezeka mapande matatu. La kwanza ni ukanda ulio kando ya upande mmoja, wenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 0.2. La pili ni ukanda ulio sawa na huo kando ya upande mwingine. La tatu ni kipembe kidogo cha mraba mahali kanda hizo zinapokutana, chenye mita 0.2 kila upande. Kanda mbili kwa jumla zina mita za mraba 12. Kipembe kina mita ya mraba 0.04 tu. Anayesema kwamba eneo jipya ni 912 amezihesabu kanda na kukiacha kipembe.

Hapo ndipo ilipo dhana nzima. Kanda hukua kwa uwiano ulio sawa na nyongeza: nyongeza ikiwa mara mbili, nazo huwa mara mbili. Kwa sababu hiyo ukichora ukuaji wao kwenye grafu utapata mstari mnyoofu. Kipembe hakifuati uwiano huo. Nyongeza ikiwa mara mbili, chenyewe huwa mara nne. Ikiwa mara tatu, huwa mara tisa. Nyongeza ikiwa mita 0.4, kanda ni 24 na kipembe ni 0.16. Ikiwa mita 3, kanda ni 180 na kipembe ni 9. Ikiwa mita 30, kanda ni 1,800 na kipembe ni 900. Kipembe kilichokuwa kitu cha kupuuzwa kimekuwa sawa na kiwanja cha awali chote. Basi kukiacha kipembe ni halali karibu, na ni hatari mbali. Na kazi ya hisabati ni kutueleza karibu huanza na kuishia wapi.

2. Mstari uliopinda na mstari unaougusa

Kiwanja ni mfano mmoja wa kile ambacho wanahisabati hukiita fanksheni, yaani kanuni inayoipa kila namba inayoingizwa namba moja tu inayotoka. Ukiingiza urefu wa upande, hutoka eneo. Neno hili tumelitohoa, kwa mfano wa stesheni na pensheni. Neno kazi, ambalo mfasiri wa neno kwa neno angelipendelea, tayari limebeba mizigo mingi, na sentensi kama "kazi hii ina thamani ndogo" ingemtukana mtu badala ya kumweleza hisabati.

Fanksheni nyingi zikichorwa hutoa mstari uliopinda. Hata hivyo, mstari ambao umepinda bila kuvunjika pembe ukitazamwa kwa karibu sana huonekana kama umenyooka. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa macho yao. Aliyesimama ufukweni huiona bahari iliyo mbele yake kuwa tambarare, ingawa dunia ni mviringo. Lakini jahazi linapokwenda mbali, ngalawa na jahazi pia, kiunzi hutangulia kutoweka na tanga hubaki likionekana kwa muda. Tukifikiri ubao mrefu ulionyooka, uliolazwa juu ya maji pale ufukweni, uso wa bahari umeshuka chini ya ubao huo kwa sentimita 8 hivi katika umbali wa kilometa 1. Katika kilometa 10 umeshuka kwa mita 8 hivi, na katika kilometa 20 kwa mita 31. Umbali umekuwa mara kumi, na mshuko umekuwa mara mia. Ni tabia ile ile ya kipembe cha kiwanja.

Ubao huo ndio mfano wa mstari tunaouhitaji. Unaigusa bahari mahali pamoja, na pale unapoigusa umeelekea upande ule ule ambao bahari imeelekea. Tunapendekeza uitwe mstari wa mguso. Neno tanjenti limetokana na Kilatini, na maana yake huko ni kugusa. Mwanahisabati Thomas Fincke alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1583. Lugha za Ulaya hulitumia neno hilo hilo kwa mambo mawili: mstari unaogusa, na uwiano mmojawapo wa trigonometria. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Tanjenti na ibaki kuwa jina la uwiano, na mstari uitwe kwa tendo lake.

Kiasi cha kupanda au kushuka kwa mstari wa mguso tumekiita mwinamo. Neno mteremko lina udhaifu wake, kwa kuwa humpeleka msomaji chini kabla hajaiona namba; sentensi "mteremko unapanda" humfanya asite. Mwinamo hautaji upande. Ukiwa chanya mstari unapanda, ukiwa hasi unashuka. Kazi kubwa ya kalkulasi ni kutupatia mwinamo wa fanksheni mahali popote tunapotaka.

Sasa twaweza kuieleza kanuni. Tunahitaji vitu vitatu: kituo, yaani mahali ambapo thamani ya fanksheni inajulikana bila shida, mwinamo wa fanksheni penye kituo hicho, na badiliko, yaani umbali wa kutoka kituoni mpaka mahali tunapopauliza. Kwa alama huandikwa hivi:

f(a + h) ≈ f(a) + f′(a) × h

Na kwa maneno: thamani mpya ni takriban thamani ya kituoni, kujumlisha mwinamo mara badiliko. Katika kiwanja chetu kituo kilikuwa 30, thamani ya kituoni 900, mwinamo 60, na badiliko 0.2. Kanda mbili zile, 60 mara 0.2, ndizo mwinamo mara badiliko.

3. Mfano wa Heron wa Alexandria

Njia hii ni ya kale kuliko kalkulasi yenyewe. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo aliishi Alexandria, nchini Misri, fundi na mwanahisabati aliyeitwa Heron. Katika kitabu chake kiitwacho Metrica anatafuta eneo la pembetatu ambayo pande zake ni 7, 8 na 9. Hesabu yake inamfikisha kwenye kipeuo cha pili cha 720, na 720 haina kipeuo kilicho namba kamili.

Heron anatafuta namba iliyo karibu yenye kipeuo kamili, naye anaipata 729, ambayo kipeuo chake ni 27. Anaigawanya 720 kwa 27 na kupata 26 na theluthi mbili. Anaijumlisha na 27, kisha anachukua nusu ya jumla. Jibu lake ni 26 na sehemu tano za sita.

Tufanye hesabu hiyo hiyo kwa mstari wa mguso. Kituo ni 729 na thamani ya kituoni ni 27. Mwinamo wa kipeuo cha pili ni 1 kugawanya kwa mara mbili ya kipeuo chenyewe, yaani 1/54. Badiliko ni 9 hasi, kwa kuwa tunarudi nyuma kutoka 729 mpaka 720. Mwinamo mara badiliko ni 1/6 hasi. Basi kadirio ni 27 kutoa 1/6, nalo ni 26 na sehemu tano za sita. Majibu yamelingana bila kupungua wala kuzidi, kwa sababu njia ya Heron na njia ya mstari wa mguso ni njia moja iliyovaa nguo mbili.

Kwa desimali jibu hilo ni 26.8333, na thamani yenyewe ni 26.8328 na kuendelea. Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni lile Heron alilolifanya baada ya hapo. Hakuishia kwenye namba. Alizidisha 26 na sehemu tano za sita kwa yenyewe, akaona inatoka 720 na sehemu moja ya 36, na akaeleza kwamba anayetaka tofauti iwe ndogo zaidi ya hiyo aanze tena, safari hii akilitumia jibu lililopatikana badala ya 729. Akifanya hivyo mara moja tu atapata 26.8328157, na kipeuo anachokitafuta hakitakuwa mbali na kadirio kwa zaidi ya sehemu moja ya milioni mia. Heron alitoa namba, akaonyesha imepungukiwa wapi, na akaeleza namna ya kupunguza upungufu huo. Hayo matatu kwa pamoja ndiyo kadirio.

4. Pengo si kosa

Umbali kati ya kadirio na thamani yenyewe uitweje? Mfasiri wa haraka ataandika kosa. Tunashauri asifanye hivyo. Kosa kwa Kiswahili lina mkosaji. Kuna kosa la jinai, kosa la sarufi, na kosa la karani aliyejumlisha vibaya. Mkaguzi wa hesabu akisoma kwamba taarifa ina "kosa la milioni moja" atauliza ni nani aliyelifanya, naye atakuwa na haki ya kuuliza. Lakini aliyekadiria kwa mstari wa mguso hakukosea. Alijua tangu mwanzo kwamba anakiacha kipembe, na alikiacha kwa makusudi. Kama tulivyoona, Heron naye alilitaja jambo hilo kuwa tofauti.

Neno hitilafu nalo halifai, kwa kuwa mazoea yamelifunga na mitambo iliyoharibika. Tofauti ni neno zuri ila ni pana mno, kwani katika hesabu ndilo jina la jibu la kila kutoa. Tunapendekeza pengo. Aliyechora mstari uliopinda na mstari wake wa mguso analiona pengo kwa macho: ni nafasi iliyo kati ya mistari miwili, ambayo hakuna kitu penye kituo na hupanuka kila unapokwenda mbali.

Pengo lenyewe kwa kawaida halijulikani, maana tungelijua tungekuwa tunaijua na thamani, na kukadiria kusingekuwa na haja. Kinachoweza kujulikana ni kiasi ambacho pengo haliwezi kukizidi. Hicho tumekiita mpaka wa pengo. Tumeliepuka neno kikomo kwa sababu kalkulasi inalihitaji kwa dhana nyingine, ile ya namba ambayo mfuatano wa namba huielekea.

Mwingereza Brook Taylor alichapisha mwaka 1715 kanuni inayoonyesha kinachobaki baada ya mstari, na Joseph-Louis Lagrange, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1797, akaonyesha namna ya kukipima. Kwa njia yetu kanuni hiyo ni nyepesi. Chukua badiliko, ulizidishe kwa lenyewe. Zidisha kwa kasi kubwa kabisa ambayo mwinamo hubadilika nayo katika sehemu hiyo. Kisha chukua nusu. Pengo haliwezi kuzidi hapo. Katika mfano wa Heron badiliko mara lenyewe ni 81. Kipeuo chote kati ya 720 na 729 ni zaidi ya 26, na kwa hiyo kasi ya kubadilika kwa mwinamo ni chini ya sehemu moja ya 70,304. Nusu ya 81 mara kiasi hicho haifikii 0.0006. Twaweza basi kuandika pasipo wasiwasi: kipeuo cha pili cha 720 ni takriban 26.8333, na pengo halizidi 0.0006. Angalia kwamba tumeupata mpaka huo bila ya kuijua thamani yenyewe.

Kuna jambo la ziada ambalo mchoro hutuambia bila hesabu. Mstari wa kipeuo cha pili umejikunja kuelekea chini, na mistari yake ya mguso yote hupita juu yake. Kwa hiyo kadirio lake huwa kubwa mno kila mara. Mstari wa eneo la mraba umejikunja kuelekea juu, na mistari yake ya mguso hupita chini. Kwa hiyo kadirio lake huwa dogo mno kila mara. Mfasiri asiliache neno "mno" la namna hii katika kitabu, kwa kuwa linamwambia msomaji pengo liko upande gani.

5. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022

Watumishi wa serikali wengi wanakadiria kwa mstari wa mguso bila kuliita hivyo. Kila anayesema "watu huongezeka kwa asilimia fulani kwa mwaka, basi kwa miaka kumi ni mara kumi ya asilimia hiyo" ameuchora mstari wa mguso na kuufuata kwa miaka kumi.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na wastani wa ongezeko tangu mwaka 2002 ulikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Tuseme mtu alitaka, akiwa na namba hizo mbili tu, kukadiria idadi ya mwaka 2014. Kwa mstari, ongezeko la miaka miwili ni asilimia 5.4. Kwa ukamilifu, 1.027 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1.054729. Pengo ni 0.000729, nalo kwa watu ni 32,753. Msomaji atatambua pengo hilo ni nini: ni kipembe cha mraba, 0.027 mara 0.027. Ni ongezeko lililotokana na wale walioongezeka mwaka wa kwanza, wale ambao mstari haukuwahesabu.

Mtu huyo huyo akienda mpaka mwaka 2022, mstari unampa ongezeko la asilimia 27, yaani watu 57,059,732. Lakini 1.027 ikipandishwa kwenye kipeo cha kumi hutoa takriban 1.3053, yaani watu karibu milioni 58.64. Pengo sasa ni watu karibu 1,585,000. Miaka imekuwa mara tano tu, na pengo limekuwa zaidi ya mara arobaini na nane. Kanuni ya mpaka ingemwonya mapema: kwa hesabu ile ya nusu ya badiliko mara lenyewe mara kasi ya mwinamo, mpaka wa pengo unatoka watu wapatao 1,830,000. Angeliandika hivyo mwaka 2012, msomaji angejua kwamba katika namba ya milioni 57 huenda wamesahauliwa watu milioni moja na zaidi, na kwa kuwa mstari huu hupita chini, angejua pia kwamba wamepunguzwa, hawakuzidishwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Idadi hiyo iko juu ya kadirio la mstari kwa watu 4,681,388, kiasi kinachouzidi mpaka mbali sana. Je, kanuni imetudanganya? La. Katika milioni 4.68 hizo, milioni 1.59 hivi ni pengo la mstari, nalo limo ndani ya mpaka wake. Milioni 3.1 zilizobaki zimetokana na jambo jingine kabisa: ongezeko lenyewe halikubaki asilimia 2.7, bali lilifikia wastani wa asilimia 3.2 kati ya sensa hizo mbili. Mpaka wa pengo hutulinda na kupinda kwa mstari. Hautulindi na asilimia iliyobadilika.

Tofauti hii ni ya kushikwa kwa mikono miwili, maana taarifa nyingi huyachanganya mambo hayo. Pengo la kwanza huondolewa kwa hesabu bora, yaani kwa kuuacha mstari na kukokotoa kipeo chenyewe, au kwa kukisogeza kituo karibu. Pengo la pili huondolewa kwa kuhesabu watu upya. Ofisa anayedhani kwamba kikokotoo kizuri kitamponya na asilimia iliyochakaa atapanga madarasa na zahanati kwa ajili ya watu wachache kuliko waliopo, hata kama desimali zake ni kumi.

6. Kubahatisha, kukisia na kukadiria

Sasa twaweza kuyapima maneno. Kiswahili kina ngazi nzuri ya maneno kwa jambo hili, na ni hasara kuyatumia kana kwamba ni mamoja.

Kubahatisha ni kutaja namba pasipo msingi. Jina lenyewe limo ndani ya bahati. Kukisia kuna msingi, lakini msingi huo ni jicho na uzoefu. Mkulima hukisia magunia atakayoyapata kwa kulitazama shamba, na mara nyingi hupatia. Lakini ukimwuliza anaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani, hana kanuni ya kukujibu. Kukadiria kunatokana na kadiri, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kiasi au kipimo. Kipimo kimo katika mzizi wa neno lenyewe. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba kukadiria ndilo neno linalostahili kazi ya mstari wa mguso: ni kutaja namba kwa kipimo, na kukitaja kipimo hicho pia.

Yuko atakayependelea mzizi wa karibu, kwa kuwa lugha nyingine zimejenga dhana hii juu ya ukaribu. Kwa kweli mzizi huo tayari tunao kazini. Takriban ni neno la Kiarabu lenye asili moja na karibu, nalo linafaa sana kuisoma alama ≈. Lakini kuunda jina la tendo kutokana na karibu kunaleta taabu: ukaribisho humfanya msomaji afikirie wageni mlangoni, na ukaribiaji ni mwendo wa kusogelea, ambao kalkulasi itauhitaji itakapozungumzia vikomo. Basi tunaona afadhali takriban iwe ya alama, na kadirio liwe la namba.

7. Ushauri kwa mfasiri na mwalimu

Kutokana na hayo tunatoa ushauri ufuatao.

(a) Penye neno la asili lenye maana ya namba iliyopatikana kwa njia na yenye mpaka, andika kadirio. Penye namba isiyo na njia wala mpaka, andika kisio, hata kama mwandishi wa asili amejipamba kwa neno kubwa zaidi. Kama huna hakika, mwulize mwandishi.

(b) Usiliache takriban lidondoke. Sentensi "kipeuo cha pili cha 720 ni 26.83" ni ya uongo, "ni takriban 26.83" ni ya kweli. Neno moja ndilo linalozitenga.

(c) Muundo "inakadiriwa kuwa" huficha mambo mawili: nani amekadiria, na kutoka kituo gani. Inapowezekana, ufasiri kwa ukamilifu, kwa mfano: "Kwa kuanzia sensa ya mwaka 2012, na kwa ongezeko la asilimia 2.7 kwa mwaka, kadirio la mwaka 2014 ni watu takriban 47,355,000." Msomaji akikiona kituo ataweza mwenyewe kupima umbali.

(d) Mwalimu aanze na kiwanja kabla ya alama. Mwanafunzi aliyekiona kipembe hahitaji kukariri kwa nini pengo hukua kwa mraba.

Hitimisho

Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania tangu mwaka 1967, ilhali kalkulasi, ambayo husomwa katika madarasa ya juu ya sekondari, inafundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba dhana ya kukadiria humfikia Mtanzania kwa Kiswahili akiwa mtoto, kama kazi ya jicho, na ile ya pengo na mpaka wake huwafikia wachache tu, kwa lugha nyingine. Hao wachache wanaporudi ofisini na kuandika kwa Kiswahili, hulitumia neno lile la utotoni, na mpaka hupotea njiani. Istilahi tulizozipendekeza hapa zinakusudiwa kuziba upungufu huo. Maneno yenyewe mengi si mapya. Tulichofanya ni kuyapa mipaka.

Istilahi zilizotumika

Badiliko: umbali, chanya au hasi, kutoka kituoni mpaka mahali ambapo thamani inatafutwa.

Fanksheni: kanuni inayoipa kila namba inayoingizwa namba moja tu inayotoka.

Kadirio: namba iliyopatikana kwa njia inayojulikana, pamoja na mpaka wa pengo lake.

Kisio: namba iliyotajwa kwa jicho au uzoefu, isiyo na mpaka unaojulikana.

Kituo: mahali ambapo thamani na mwinamo wa fanksheni vinajulikana, na ambapo kadirio huanzia.

Mpaka wa pengo: kiasi ambacho pengo haliwezi kukizidi.

Mstari wa mguso: mstari mnyoofu unaougusa mstari uliopinda mahali pamoja, ukiwa na mwelekeo sawa nao hapo.

Mwinamo: kiasi cha kupanda au kushuka kwa mstari kwa kila kizio kimoja cha kwenda mbele.

Pengo: umbali kati ya kadirio na thamani yenyewe.

Takriban: namna ya kuisoma alama ≈.